Simba ilipomaliza ya tatu 2023/24: kikosi kilihitaji mshambuliaji, klabu ilihitaji subira

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilifunga pazia lake Mei 28, 2024, na klabu ya Simba ya Dar es Salaam ikajikuta mahali ambapo mashabiki wake hawakuizoea: nafasi ya tatu. Yanga walikwisha kujihakikishia ubingwa mapema, wa tatu mfululizo na wa 30 katika historia yao, kwa pointi 80. Azam na Simba walimaliza kila mmoja akiwa na pointi 69, ila Azam wakatangulia kwa tofauti ya mabao. Siku hiyo ya mwisho Simba iliwafunga JKT Tanzania mabao 2-0, nao Azam wakashinda kwao Geita Gold. Hivyo kwa msimu wa 2024/25 Azam waliandamana na Yanga katika Ligi ya Mabingwa Afrika, nao Wekundu wa Msimbazi wakashuka hadi Kombe la Shirikisho pamoja na Coastal Union ya Tanga.

Kwa msikilizaji wa Bujumbura, hususan wa Buyenzi na Bwiza ambako ubishi wa Simba na Yanga hauhitaji mpaka wala pasipoti, habari hii si ngeni tena. Kilichofaa kuulizwa wakati ule, dirisha la usajili la 2024 likikaribia kufunguliwa, ni nini hasa kilichoiangusha timu hii na ni kipi kingeweza kurekebishwa kabla ya Agosti.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe inashangaza. Katika mechi 30 Simba ilishinda 21, ikatoka sare 6 na kupoteza 3 tu. Azam nao walishinda 21, wakatoka sare 6 na kupoteza 3. Zaidi ya hayo, Simba ilipata pointi nne kati ya sita ilipokutana na Azam: sare ya 1-1 kule Mwanza mwezi Februari, kisha ushindi wa mabao 3-0 mwezi Mei. Timu yenye rekodi ya namna hiyo si timu mbovu. Katika misimu mingine ingekuwa inapigania taji hadi wiki ya mwisho.

Lakini vipigo viwili kati ya vitatu vilitoka kwa Yanga, na hapo ndipo msimu ulipovunjikia. Simba ilikuwa imecheza mechi sita za ligi na kushinda zote ilipoingia Uwanja wa Benjamin Mkapa Novemba 5, 2023. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa 1-1, bao la Simba likiwa la Kibu Denis. Kufikia kipenga cha mwisho ubao ulisomeka 5-1. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, Mbrazili ambaye Wanyarwanda wanamkumbuka kwa taji la 2018/19 akiwa na Rayon Sports, alikuwa amekwisha kufutwa kazi. Pointi 18 kati ya 21 hazikumsaidia chochote.

Mtu anaweza kusema kwamba kufungwa matano na mtani wa jadi ni sababu ya kutosha. Kwa hasira za siku ile, ndiyo. Kwa mahitaji ya msimu mzima, hapana. Klabu iliyokuwa na mechi 23 za ligi mbele yake, pamoja na hatua ya makundi ya Afrika iliyokuwa inaanza mwezi huohuo, ilijikuta haina kocha mkuu. Alipofika Abdelhak Benchikha, Mualjeria mwenye sifa kubwa, alikuta kikosi alichochaguliwa na mwingine, akaanza kukijenga upya huku mechi zikichezwa kila baada ya siku tatu au nne.

Sifa za Benchikha zilikuwa za kweli. Ni yeye aliyeipa USM Alger Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na aliyemshinda katika fainali hiyo ni Yanga. Kwa hiyo Msimbazi walipomwajiri walidhani wamempata mtu anayeijua dawa ya mtani. Tena katika mashindano ya Afrika alifanya kazi nzuri: aliitoa timu katika kundi lenye ASEC Mimosas, Wydad Casablanca na Jwaneng Galaxy, akiwafunga Wydad 2-0 na Jwaneng 6-0 jijini Dar es Salaam. Kisha ikaja robo fainali na Al Ahly wa Misri. Simba ilifungwa 1-0 nyumbani Machi 29, ikafungwa 2-0 Cairo Aprili 5.

Wiki zilizofuata ndizo zilizoamua kila kitu, nazo zilikwenda haraka sana. Aprili 9, siku nne tu baada ya Cairo, timu ilikuwa Kigoma katika Uwanja wa Lake Tanganyika, hatua chache kutoka maji yaleyale tunayoyatazama sisi upande huu wa ziwa. Mashujaa, timu ya maafande, waliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho la Tanzania kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Ikafuata sare na Ihefu. Aprili 20, Yanga tena, 2-1. Aprili 27 Simba ilitwaa Kombe la Muungano Zanzibar kwa kuifunga Azam 1-0, na siku moja baadaye Benchikha akaondoka, klabu ikieleza kuwa ni kwa sababu za kifamilia. Juma Mgunda, aliyekuwa akiifundisha timu ya wanawake ya Simba Queens, aliitwa kuzima moto akisaidiana na Selemani Matola. Mechi yao ya kwanza, ugenini kwa Namungo, ilikuwa sare ya 2-2. Baada ya hapo timu ilishinda karibu mechi zote zilizobaki. Ushindi wowote mmoja badala ya mojawapo ya zile sare sita ungetosha kuwaweka juu ya Azam.

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo, maana tatizo la Simba halikuanza Novemba. Klabu hii ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Mwaka 2021 ikawauza wachezaji wawili waliokuwa moyo wa mashambulizi yake, Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Clatous Chama kwenda RS Berkane. Wote wawili walirejea kwa nyakati tofauti, Chama baada ya miezi michache tu, lakini hadi mwisho wa msimu wa 2023/24 taji halikuwa limerejea.

Tazama sasa orodha ya makocha. Sven Vandenbroeck aliondoka Januari 2021 mara tu baada ya kuifikisha timu hatua ya makundi. Akaja Didier Gomes Da Rosa, ambaye naye aliwahi kuipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda; akaondoka Oktoba mwaka huohuo baada ya kutolewa na Jwaneng Galaxy. Akaja Pablo Franco, akaondoka Mei 2022. Zoran Maki aliondoka Septemba 2022, ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Kisha Robertinho, kisha Benchikha. Walikuwa makocha watano wa kigeni tangu Vandenbroeck hadi mwisho wa msimu wa 2023/24, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza msimu wa ligi akaumaliza. Tangu Aprili 2021 hadi mwisho wa msimu huo wa 2023/24 Yanga ilikuwa na wawili: Nasreddine Nabi, aliyekaa tangu Aprili 2021 hadi Juni 2023 na kuondoka na mataji mawili ya ligi, na Miguel Gamondi, aliyepokea kijiti na kuongeza la tatu.

Mashabiki wengi wa Simba hupenda kusema kwamba Yanga wana fedha zaidi, na fedha zina nafasi yake katika simulizi hii. Lakini fedha hazielezi kwa nini kocha afukuzwe akiwa na ushindi wa mechi sita kati ya saba.

Kila kocha mpya huja na wachezaji wake, au angalau huja na orodha ya wale asiowataka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni dirisha dogo la Januari 2024. Jean Baleke, Mkongomani aliyekuwa kwa mkopo kutoka TP Mazembe, alikuwa na mabao 8 ya ligi. Aliachwa. Moses Phiri, Mzambia, alipelekwa kwa mkopo kwao, Power Dynamos. Mahali pao wakaletwa Freddy Michael Koublan kutoka Green Eagles ya Zambia na Pa Omar Jobe, raia wa Gambia aliyekuwa akicheza Kazakhstan. Akaongezwa na kiungo Msenegali, Babacar Sarr. Freddy hakuwa mzigo, na bao la kufutia machozi katika kipigo cha Aprili lilikuwa lake. Hata hivyo kubadilisha safu nzima ya ushambuliaji katikati ya msimu, wiki chache kabla ya kukutana na ASEC na Al Ahly, ni sawa na kung'oa paa masika yanapoanza.

Kanuni za Tanzania ziliongeza ugumu. Msimu wa 2023/24 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni, basi. Kila mchezaji wa kigeni asiyecheza anakalia nafasi ambayo mwingine angeitumia. Klabu inapokosea mara tatu katika dirisha moja, imejinyima robo ya nafasi zake zote, na kuvunja mkataba kabla ya wakati wake hugharimu fedha ambazo zingenunua mchezaji mwingine.

Matokeo ya vurugu hizo yanaonekana katika orodha ya wafungaji. Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21. Feisal Salum wa Azam, kiungo na wala si mshambuliaji, alikuwa na 19. Mfungaji bora wa Simba alikuwa Saido Ntibazonkiza, ndugu yetu, mwenye mabao 11.

Hapa msikilizaji wa Burundi ataniwia radhi nikisita kidogo. Saido aliichezea Intamba mu Rugamba, timu iliyofika kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, mara ya kwanza kwa nchi yetu kufika huko. Alitoka Vital'O akapita Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, na alipotua Tanzania alivaa jezi ya Yanga, kisha ya Geita Gold, kisha ya Simba tangu Desemba 2022. Msimu wa 2022/23 aligawana tuzo ya mfungaji bora na Fiston Mayele, kila mmoja mabao 17. Hilo ni jambo la kujivunia, nami sioni haya kujivunia. Lakini Saido alitimiza miaka 37 Mei Mosi 2024. Klabu inayotaka kurudisha ubingwa, na ambayo mfungaji wake mkuu ni kiungo mshambuliaji wa miaka 37 ambaye pia ndiye mpigaji penalti wake, inatoa habari juu ya washambuliaji wake zaidi kuliko juu yake yeye.

Kwa hiyo hitaji la kwanza halikuwa na ubishi: mshambuliaji wa kati, na awe mmoja aliye tayari, si watatu wa kujaribiwa. Tangu Meddie Kagere, aliyefunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, hadi mwisho wa msimu wa 2023/24 Simba haikuwa imepata mtu wa namna hiyo akadumu. John Bocco, nahodha aliyefika kutoka Azam mwaka 2017, aliagana na kikosi mwaka 2024. Nafasi yake katika chumba cha kubadilishia nguo ingekuwa ngumu kuijaza kuliko nafasi yake uwanjani, ambako msimu huo alionekana mara chache.

Hitaji la pili lilikuwa eneo la kiungo. Katika mechi zote mbili na Yanga, na hata katika ile ya kwanza na Al Ahly ambapo bao liliingia dakika ya nne, Simba ilipokonywa mpira katikati ya uwanja na mabeki wakaachwa wakabiliane na wapinzani wanaokuja mbio. Fabrice Ngoma na Sadio Kanoute walikuwa wachezaji wazuri, lakini hakuna kati yao aliyekuwa mkabaji wa asili anayekaa mbele ya mabeki na kubaki pale. Sarr aliletwa kwa kazi hiyo, hakumshawishi mtu.

Kisha kulikuwa na suala la Chama, ambaye mkataba wake ulikuwa unamalizika mwisho wa Juni 2024. Mzambia huyu alisimamishwa na klabu mwezi Desemba 2023 kwa sababu za kinidhamu, akarudishwa, na akabaki kuwa mtu ambaye pasi yake moja iliweza kufungua mechi iliyofungwa. Kumwongezea mkataba kulikuwa kukubali kujenga timu kumzunguka mtu aliyevuka miaka 30. Kumwacha kulikuwa kukubali kwamba angeweza kuonekana ng'ambo ya pili ya Kariakoo akiwa na jezi ya kijani na njano. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ungeweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa kilikuwa kuusubiri mkataba uishe ndipo mazungumzo yaanze, na kwa mazoea ya klabu zetu za ukanda huu, hilo ndilo hutokea.

Nyuma hali haikuwa mbaya. Ayoub Lakred, kipa Mmoroko, aliziba vizuri pengo la Aishi Manula aliyeumia mwaka 2023, na Manula mwenyewe alikuwepo, ingawa alirudi langoni katika siku mbaya kuliko zote, ile ya mabao matano. Che Malone Fondoh na Henock Inonga walikuwa mabeki wa kati ambao klabu nyingi za ukanda huu zingewatamani. Tatizo ni kwamba klabu za nje ya ukanda zilimtamani Inonga pia, hasa baada ya kuonekana na timu ya taifa ya Kongo katika Kombe la Mataifa kule Côte d'Ivoire. Pembeni, Shomari Kapombe na Mohamed Hussein walikuwa wamecheza kwa miaka bila mbadala wa kweli. Siku mmoja wao angeumia, ndipo watu wangeuliza kwa nini mbadala hakusajiliwa.

Sisi tunaotafsiri habari hizi kutoka Kifaransa na Kiingereza huwa tunaandika "mapumziko ya msimu", na vijana wa Bujumbura husema tu "merkato". Neno la vijana ni la kweli zaidi. Wanaopumzika ni wachezaji. Kwa viongozi huu ndio wakati wa kazi, na katika uongozi wa Simba mwezi wa Juni 2024 ulikuwa na mtikisiko wake. Salim Abdallah, anayejulikana kwa jina la Try Again, aliachia uenyekiti wa bodi ya wakurugenzi, na Mohammed Dewji, mwekezaji wa klabu, alirejea kwenye kiti alichokiacha mwaka 2021. Baadhi ya wajumbe wa upande wa mwekezaji nao walijiuzulu.

Muundo wa klabu unajulikana: wanachama wanashika asilimia 51, mwekezaji 49. Kwa karatasi, mpango huo unampa kila upande sauti. Kwa vitendo umeacha swali moja ambalo halijajibiwa tangu ulipoanza kujadiliwa: ni nani anayeamua mchezaji gani asajiliwe? Ni kocha, ambaye hakai? Ni bodi, ambayo nusu yake inateuliwa na mwenye fedha? Ni upande wa wanachama, ambao hupigiwa kelele timu inapofungwa? Kurudi kwa Dewji kungeweza kuleta fedha haraka, na mashabiki walishangilia. Lakini mataji mawili ya mwisho kati ya yale manne yalipatikana wakati Chama, Luis, Kagere na Bocco walipoachwa wacheze pamoja kwa muda, nao muda ni kitu ambacho fedha za mwekezaji haziwezi kukiharakisha.

Walikuwapo walioona Kombe la Shirikisho kama adhabu. Ni kweli kwamba msimu wa 2023/24 bingwa wake alipata dola milioni 2 ambapo bingwa wa Ligi ya Mabingwa alipata milioni 4, na ni kweli kwamba Simba isingekutana na Al Ahly msimu wa 2024/25. Lakini kati ya 2018/19 na 2023/24 Simba ilifika robo fainali za Afrika mara tano, na kila mara iliishia hapohapo: kwa TP Mazembe, kwa Kaizer Chiefs, kwa Orlando Pirates, kwa Wydad, kwa Al Ahly. Mara moja kati ya hizo, ile ya Orlando Pirates, ilikuwa katika Shirikisho lenyewe, na waliondolewa kwa penalti. Yanga nao walisukumwa huko mwaka 2022 baada ya kutolewa na Al Hilal ya Sudan, wakaenda hadi fainali, na kikosi kilichozaliwa katika safari ile ndicho kilichoisumbua Simba msimu wa 2023/24. Mashindano hayo yalikuwa na wapinzani wanaofungika. Yangemfaa kocha mpya anayehitaji mechi za kujenga timu, mradi aachwe aijenge.

Majina ya makocha yalitajwa mengi katika magazeti ya Dar es Salaam, na hakuna sababu ya kuyarudia hapa. Juni 2024 benchi la Simba halikuwa na kocha mkuu wa kudumu. Usajili wa wachezaji wapya, kwa upande mwingine, ulikuwa umekwisha kuanza kuzungumzwa. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mtu aliyechagua washambuliaji wa kocha ambaye bado hakujulikana ni nani.